Anemoni Anayedhoofika: Mwongozo Kamili wa Kumtunza Hadi Apone Kwenye Tangi la Miamba la Nyumbani

Mwaka 1828 mwanasayansi wa Uskoti, John Dalyell, alimwokota anemoni, mnyama laini wa baharini mwenye minyiri, mmoja wa spishi ya Actinia equina, kwenye ufuko wa North Berwick, akamtia kwenye chombo cha kioo. Dalyell alifariki mwaka 1851. Anemoni akabaki, akarithiwa na watunzaji wengine mjini Edinburgh waliokuwa wakimbadilishia maji ya bahari, hadi alipokufa mwaka 1887. Hakuwahi kuwa na pampu wala taa ya LED. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinaondoa kisingizio kinachosikika kila mara: "labda amezeeka." Uzee haumuui anemoni kwa urahisi hivyo. Akianza kudhoofika kwenye tangi lako, kuna kitu hakiko sawa, iwe ni maji, mwanga, mahali aliposhika, majirani zake, au safari aliyopita kabla hajafika kwako. Kazi yako ni kukitafuta kitu hicho na kukirekebisha bila kuvuruga vingine vilivyokuwa sawa.

Hapo ndipo wengi wanapommaliza. Jioni moja tu mtu anabadilisha nusu ya maji, anaongeza nguvu ya taa, anamimina ayodini, anamhamishia mgonjwa kwenye mwamba mwingine, kisha anamsukumia kipande cha kamba mdomoni. Pengine hatua mojawapo ingemfaa. Zote kwa pamoja zinamvunja, na hata akinusurika hutajua kilichomsaidia ni kipi. Kanuni ninayoishikilia katika mwongozo huu wote ni kupima, kubadilisha jambo moja, kusubiri siku kadhaa, kisha kuangalia. Isipokuwa kwenye dharura mbili tatu nitakazozitaja, hakuna cha kukimbilia.

Maelezo yanawahusu anemoni wa bahari za joto wanaofugwa zaidi majumbani: Entacmaea quadricolor, yule ambaye minyiri yake huvimba kwenye ncha, Heteractis crispa na Heteractis magnifica, Macrodactyla doreensis mwenye minyiri mirefu, na wale wapana wa jenasi ya Stichodactyla.

Kwanza hakikisha ni mgonjwa kweli

Anemoni ana tundu moja tu mwilini, yaani mdomo. Chakula kinaingilia humo na uchafu unatokea humohumo. Ndiyo maana kila baada ya siku chache hujikamua: anatoa maji yote, ananywea mpaka mgeni anadhani amekufa, anatema ute wa kahawia, kisha baada ya saa kadhaa anajaa maji na kutanuka upya. Wengi pia hujikunja taa zikizimwa. Na vile vitufe vya Entacmaea kupotea, minyiri ikabaki mirefu na nyembamba, si ugonjwa. Wapo wanaokaa hivyo miaka na wanastawi.

Ili kutofautisha, zima pampu za mkondo kwa dakika mbili, maji yatulie, umtazame kwa karibu ukiwa na tochi.

Anza na mdomo. Wa mwenye afya umefungwa, au una mwanya mdogo tu. Wa mgonjwa umeachama, na ndani yake unaona mikunjo myeupe ya tumbo ikichungulia nje. Akiachama kwa saa moja baada ya kula au kujikamua, mwache. Akiachama mchana kutwa na kesho yake akawa vilevile, hiyo ni dalili nzito kuliko nyingine zote.

Kisha jaribu kama ananata. Chukua kijiti safi cha plastiki, gusa mnyiri mmoja nchani, vuta taratibu. Mnyiri wenye nguvu unakifuata kijiti kidogo kabla ya kuachia, kwa sababu seli zake za kuchoma zimekishika. Kijiti kikiteleza kana kwamba kimegusa kioo, amedhoofika sana.

Rangi inahitaji umakini zaidi, kwa maana hapa taa hudanganya. Ndani ya nyama ya anemoni wanaishi mwani wa hadubini wanaoitwa zoozantela. Wao ndio wanaompa rangi ya kahawia, na sukari wanayotengeneza kwa mwanga ndiyo chakula chake kikuu. Akiwapoteza, anapauka. Lakini rangi ya kijani inayong'aa haitokani na mwani hao, ni yake mwenyewe, hivyo anemoni aliyepauka kabisa anaweza kuonekana wa kijani kinachovutia chini ya taa ya buluu. Washa taa nyeupe peke yake, umtazame sehemu ya chini ya mwili na katikati ya minyiri. Ukiona ukahawia, hata hafifu, mwani bado wamo. Ukiona weupe unaopenyeza mwanga, wameondoka. Heteractis crispa mweupe kabisa anayeuzwa kama "rangi adimu" karibu kila mara amepauka tu, na mwenye manjano makali anaweza kuwa ametiwa rangi.

Mwisho tazama mguu. Uwe umeshika mwamba au umezama mchangani. Anemoni anayezurura siku mbili tatu baada ya kuingizwa tangini anachagua makazi. Anayezurura wiki nzima, au anayeelea huku mguu ukiwa juu, ana tatizo.

Dharura za saa ya kwanza

Funika pampu. Hili litangulie hata vipimo, kwa kuwa anemoni dhaifu hujiachia na mkondo unambeba moja kwa moja hadi kwenye pangaboi. Akisagwa humo, vipande na ute wake vinaweza kuua samaki wote usiku mmoja. Visha kila pampu ya mkondo sponji yenye matundu makubwa au wavu wa plastiki, na uweke wavu pia pale maji yanapomwagikia kwenda tangi la chini la kuchujia. Sponji huziba, kwa hiyo ioshe kila baada ya siku mbili. Chomoa umeme kabla ya kuingiza mkono.

Pima amonia. Ikionekana kiasi chochote, badilisha asilimia 25 hadi 30 ya maji leo, na kesho tena kama bado ipo. Maji mapya yawe na joto na chumvi ileile ya tangi, tena yawe yamechanganywa saa kadhaa kabla hadi yakawa maangavu kabisa.

Tazama kipimajoto, na usikiamini kimoja. Hita iliyokwama ikiwa imewaka inaweza kupandisha joto hadi nyuzi 30 bila wewe kujua, na joto la namna hiyo likidumu ndilo linalomfanya anemoni awatapike mwani wake. Kama ni hivyo, izime hita, elekeza feni kwenye uso wa maji, mteremsho uwe wa saa nyingi. Usitupe barafu ndani ya tangi.

Zaidi ya hayo, jioni hiyo usifanye kingine.

Vipimo vya maji, na jinsi ya kuvisoma

Viwango ninavyolenga ni hivi:

- Joto: nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, likiyumba si zaidi ya nyuzi 1 kwa siku
- Chumvi: sehemu 35 kwa elfu, yaani 1.025 hadi 1.026 kwenye haidromita
- pH: 8.1 hadi 8.4
- Alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuizuia pH isiyumbe: 8 hadi 10 dKH (kizio chake)
- Amonia na nitriti: 0
- Nitrati: 2 hadi 15 ppm (sehemu kwa milioni)
- Fosfati: 0.03 hadi 0.1 ppm
- Shaba: 0, bila mjadala

Chumvi ndiyo inayosababisha madhara mengi ya kimyakimya. Maji yanayopotea kwa mvuke huacha chumvi nyuma, kwa hiyo kila siku usipojaza maji yasiyo na chumvi, tangi linazidi kuwa kali. Ukikumbuka siku ya tano na kumimina ndoo nzima, chumvi inashuka kwa kishindo. Anemoni mwili wake umejaa maji ya tangi, hana ngozi ya kumkinga na mabadiliko hayo. Kifaa kinachojaza maji chenyewe kinatatua jambo hili. Asiye nacho aweke alama kwenye kioo na ajaze kila siku, tena maji yasiyo na chumvi. Refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi kwa mwanga, nayo irekebishwe kwa kimiminika maalumu cha sehemu 35 kwa elfu. Kuirekebisha kwa maji safi peke yake kunaweza kuifanya isome sawa kwenye sifuri na kukosea pale hasa unapoihitaji.

Nitrati na fosfati zinahitaji neno moja, maana siku hizi vichujio ni vikali mno. Mtu anajivunia nitrati 0 na fosfati 0, kisha anashangaa kwa nini anemoni wake anapauka polepole bila sababu. Mwani walio ndani yake hutengeneza chakula kwa mwanga kama mimea. Wanahitaji nitrojeni na fosforasi. Kama vipimo vyote viwili vinasoma sifuri, toa kifyonza fosfati, punguza saa za skima (kile kichujio cha mapovu), lisha samaki zaidi kidogo. Kinyume chake, nitrati ikipita 40 ishushe kwa kubadilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji kila wiki. Usiishushe yote kwa siku moja.

Kalisi na magnesi sizisumbukii kwa ajili ya anemoni. Hajengi mifupa kama matumbawe magumu. Ayodini pia haina kazi hapa, na ni rahisi kuizidisha.

Shaba huua wanyama wasio na uti wa mgongo kwa kiwango kidogo sana. Hutoka kwenye dawa za samaki, mabomba ya zamani, sumaku iliyopasuka au skrubu iliyoshika kutu. Tangi lililowahi kutibiwa kwa dawa ya shaba usimweke anemoni, hata kama ni miaka mingi iliyopita, kwa kuwa mwamba na mchanga huinyonya na kuiachia baadaye. Ukishuku sumu yoyote, ikiwemo marashi ya dawa ya mbu yaliyopulizwa chumbani au sabuni kwenye mikono, weka makaa mapya ya kuchujia na ubadilishe robo ya maji.

Umri wa tangi nao ni kipimo. Tangi la miezi miwili linaweza kusoma namba nzuri leo na mbaya keshokutwa. Miezi 6 ndiyo mwanzo, mwaka ni bora zaidi. Na kwa Entacmaea nisingeshuka chini ya lita 150. Wapana wa Stichodactyla wanataka mara mbili ya hapo au zaidi.

Mwanga

Kosa la kwanza ni mwanga hafifu kwa miezi mingi. La pili, ambalo ndilo huua haraka, ni kuongeza mwanga ghafla kwa anemoni aliyepauka. Hana mwani wa kuutumia mwanga huo, na nyama yake haina kivuli. Anaungua.

Kwa kipimo cha PAR, yaani kiasi cha mwanga ambao mwani wanaweza kuutumia, Entacmaea mwenye afya anaridhika na 100 hadi 250. Heteractis magnifica na Stichodactyla gigantea wanataka zaidi ya 250. Aliyepauka aanzie kwenye 80 hadi 100 hivi, bila kujali spishi, na abaki hapo wiki mbili. Baada ya hapo ongeza nguvu ya taa kwa asilimia 10 ya kiwango chake kila wiki, ukiangalia anavyoitikia. Minyiri ikijikunja na mwili kusinyaa kila adhuhuri taa zikifika kilele, rudi hatua moja. Akijinyoosha kuelekea juu, shingo ndefu kama anayetafuta kitu, anaomba zaidi. Saa 8 hadi 10 za mwanga kwa siku zinatosha. Kumwashia saa 14 hakufidii udhaifu wa taa.

Kama huna kifaa cha PAR, azima. Ukikosa kabisa, anza na nusu ya nguvu ya taa na uache tabia ya mnyama ikuongoze. Na kama ulibadilisha taa kati ya miezi miwili iliyopita, hiyo ndiyo iwe ya kwanza kwenye orodha yako ya washukiwa.

Mahali na mkondo

Kila spishi ina shamba lake. Entacmaea hutaka ufa kwenye mwamba: mguu ujifiche gizani, minyiri itoke mwangani. Macrodactyla doreensis, Heteractis crispa na Stichodactyla haddoni wanashika chini ya mchanga, na wanahitaji kina cha sentimita 10 hivi ili mguu ufike sehemu ngumu chini. Heteractis magnifica hupanda juu ya mwamba ulio wazi, penye mkondo mkubwa. Ukimwona doreensis akizurura kwenye tangi lenye mchanga wa sentimita 3, hana ugonjwa wowote. Hana pa kusimama.

Mkondo uwe wa kati, usiompiga upande mmoja tu. Dalili nzuri ni minyiri kuyumba huku na huku. Ikiwa yote imelala upande mmoja, geuza pampu.

Usimng'oe aliyeshika. Ngozi ya mguu huchanika kirahisi, na mchaniko unaofika tumboni mara nyingi haupoi. Kama hana budi kuhama, mfanye yeye aamue: mfunike kivuli, au elekeza mkondo mdogo kwenye mguu wake kwa bomba la kunyonyea maji, kisha subiri. Inaweza kuchukua siku. Njia nyingine, ikiwa mwamba ni mdogo, ni kumhamisha pamoja na mwamba wake.

Anayeelea muweke kwenye kikapu cha plastiki chenye matundu, kilichooshwa kwa maji tu, pamoja na kipande cha mwamba wenye nyufa. Kikapu kikae mahali penye mwanga wa wastani na mkondo mdogo. Mlaze mguu ukigusa mwamba, halafu mwache. Kumgeuzageuza kila saa kunamchosha. Akishika, acha siku tatu zaidi kabla ya kuutoa mwamba kikapuni.

Majirani

Samaki wa jenasi ya Amphiprion, wale wanaojisugua kwenye minyiri, humsaidia anemoni mwenye nguvu. Mkojo na uchafu wao unawapa mwani nitrojeni, na msukosuko wao unaleta maji mapya usiku. Kwa mgonjwa ni mzigo. Jozi ya samaki wakubwa juu ya anemoni mwenye upana wa sentimita 8 inamkanyaga mchana na usiku asipate nafasi ya kutanuka. Watenge kwa kizuizi cha plastiki chenye matundu, au mfunike yeye kwa kikapu kilichopinduliwa ambacho mwanga unapita.

Samaki vipepeo na baadhi ya samaki wengine humdonoa. Kaa na kamba wasafishaji humwibia chakula mdomoni, na wakiingiza miguu yao ndani humjeruhi. Mara nyingi hayo hutokea usiku. Saa mbili baada ya taa kuzimika, washa tochi yenye karatasi nyekundu mbele yake, utazame kwa dakika kumi. Wanyama wengi wa tangini hawaijali sana nuru nyekundu, hivyo utawakuta kazini. Lakini kuwa mwadilifu katika hukumu: minyoo yenye miiba unaowakuta chini ya mguu wa anemoni anayeoza huenda wamekuja kula kilichokwisha kufa.

Matumbawe jirani yawe umbali wa sentimita 15 au zaidi, maana huchomana. Na makaa ya kuchujia yabaki ndani muda wote wa ugonjwa, yakibadilishwa kila wiki mbili tatu, kwa sababu matumbawe laini hutoa kemikali majini hata bila kugusana.

Kumlisha

Watu husema mgonjwa haulizwi uji. Huyu huulizwa, tena kila mara.

Baada ya safari au msukosuko mkubwa, usimlishe kwa siku tano hadi saba. Kusaga chakula kunahitaji nguvu, na kipande kilichokwama tumboni mwa anemoni dhaifu kinaoza humohumo. Muda huo ukipita, muulize: nyonya uduvi mmoja au wawili waliotolewa barafu, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, zima pampu, waachilie juu ya minyiri polepole. Kama minyiri inawashika na kuanza kuinama kuelekea mdomoni, hata kama inachukua dakika kumi, amekubali. Kama wanateleza na kuanguka, amekataa. Waondoe wote, ujaribu tena baada ya siku mbili.

Aliyepauka anahitaji chakula kuliko mwingine yeyote, kwa kuwa hana mwani wa kumtengenezea sukari. Mpe mara mbili au tatu kwa wiki: uduvi, kamba mbichi aliyekatwakatwa, nyama ya samaki wa baharini au chaza. Kipande kisizidi upana wa mdomo wake ukiwa umefungwa, na kwa mgonjwa kiwe nusu ya hapo. Kamba mzima aliyesukumwa mdomoni huonekana ameliwa, taa zikizimwa anatapikwa akiwa amezungukwa na ute, na asubuhi amonia imepanda. Usiwahi kuusukuma mdomo ufunguke.

Akishaanza kula kwa raha, linda chakula chake kwa dakika kumi na tano za mwanzo. Nusu ya chupa ya plastiki iliyokatwa na kupinduliwa juu yake inawazuia wezi vizuri.

Majeraha, kugawanyika na maambukizi

Mchaniko mdogo wa mguu hujifunga wenyewe kwenye maji safi. Mpe kivuli kidogo na mkondo mdogo, basi. Entacmaea hujigawa wawili kwa hiari yake, wakati mwingine kwa kustawi, wakati mwingine kwa msukosuko kama mabadiliko makubwa ya maji. Utaona mwili ukinyooka kuelekea pande mbili na mdomo ukivutika. Usiingilie. Kila kipande kitakaa na kidonda na mdomo usio sawa kwa siku kadhaa. Subiri wiki moja kabla ya kuwalisha.

Maambukizi ya bakteria huonekana zaidi kwa waliotoka safarini, hasa Stichodactyla gigantea na Heteractis magnifica. Mgonjwa ananywea na kujaa mara kadhaa kwa siku, mdomo hauchelewi kuachama, na kila siku ni mbaya kuliko jana ilhali maji hayana kasoro. Wafugaji wazoefu hutumia antibiotiki ya ciprofloxacin: miligramu 250 kwa kila lita 38 za maji, kwenye tangi la pembeni lisilo na mwamba wala mchanga, maji yote yakibadilishwa kila siku na dawa kuwekwa upya, kwa siku 7 hivi. Huwekwa taa zikiwa zimezimwa kwa kuwa mwanga huivunja. Dawa hiyo usiimimine kwenye tangi kuu, itawaua bakteria wanaokusafishia maji. Zungumza na daktari wa mifugo kabla ya kuitumia. Wala usiitumie kwa anemoni ambaye tatizo lake ni taa hafifu. Dawa haitengenezi mwanga.

Kwa wanaowasili kwenye mfuko, kuna hila moja ya kemia. Safarini hewa ya kaboni hujikusanya, pH inashuka, na amonia iliyomo inakaa katika hali isiyo na sumu kali. Mfuko ukifunguliwa, pH inapanda na amonia inageuka sumu. Kwa hiyo aliyesafiri siku nzima usimdondoshee maji tone kwa tone kwa saa tatu ndani ya maji yaleyale machafu. Pima chumvi ya mfuko, andaa maji yenye chumvi hiyo, sawazisha joto kwa dakika 15 hadi 20, kisha mhamishe bila maji ya mfuko.

Akifa

Kunywea si kufa. Amekufa pale nyama inapotoka kwa vipande ukimpulizia maji kwa bomba, mguu haushiki chochote, na harufu ya kuoza ni kali kiasi kwamba huhitaji kuuliza mtu. Mtoe saa hiyohiyo kwa wavu au mfuko, ukiwa umevaa glavu, na unyonye mabaki yote. Badilisha asilimia 30 ya maji, weka makaa mapya, ongeza hewa, na pima amonia asubuhi na jioni kwa siku tatu. Kwa anemoni mpana kwenye tangi dogo, mimi ningelala na ndoo ya maji ya akiba tayari.

Asiyekuwa na dalili hizo, mpe nafasi. Nyama ikiwa imeshikamana na mguu umeshika, hata mweupe pe anaweza kurudi.

Wiki na miezi ya kupona

Kwenye daftari andika kila jioni, saa ileile: joto, chumvi, upana wake ukimpima kwa rula juu ya kioo, hali ya mdomo, alikula au hakula. Piga picha chini ya taa nyeupe kila Jumapili. Macho yanayomtazama kila saa hayaoni badiliko. Picha mbili zilizoachana wiki tatu zinaonyesha wazi.

Mpangilio wa kawaida ni huu. Mdomo hufunga kwanza, pengine ndani ya siku chache baada ya chanzo kuondolewa. Kunata hurudi. Kisha anaanza kunywea kwa ratiba, mara moja kwa siku kadhaa badala ya kila siku. Ukahawia ndio wa mwisho. Huanza kwa madoa hafifu kwenye shina la minyiri na kusambaa kwa miezi miwili, mitatu, hata sita kwa aliyepauka kabisa. Katikati kutakuwa na siku mbaya, na siku moja mbaya isikufanye ubadilishe mpango. Siku tatu mfululizo, rudi kwenye vipimo.

Samaki warudishwe pale anemoni anapokuwa amekula vizuri kwa wiki tatu na anatanuka zaidi ya mara mbili ya urefu wa samaki mkubwa. Mrudishe mdogo kwanza, jioni, umwangalie usiku ule. Anemoni akinywea na asijae tena kufikia mchana wa siku ya pili, mtoe samaki na umpe wiki mbili nyingine. Sponji za pampu ziache palepale, maana aliyehama mara moja anaweza kuhama tena.